Jina Lililowekwa kwa Ajili ya Wageni

Siku hizi kila mwenye ekari mbili na kuku kumi ana kibao barabarani. Nikipanda bodaboda kutoka Simbo kwenda mjini navisoma njia nzima: Kanaani, Edeni, Baraka Tele, na kimoja kina jina refu la Kizungu ambalo mwenye shamba mwenyewe hawezi kulitamka. Ukimuuliza shamba lake linaitwaje, anakunyooshea kidole usome. Ndani ya Kanaani hiyo utakuta mihogo iliyoshikwa na batobato, na mbuzi mmoja aliyefungwa kamba mpaka shingo imechubuka. Shamba lina jina la Biblia, mbuzi hana jina lolote. Watu wa namna hiyo siwachukii. Nawapita tu.

Shamba letu nalo lina kibao, na jina lililo juu yake silipendi. Halikutoka kwetu. Lilitoka kwa baba yangu mdogo, aliyeliweka ili wageni walione na yeye apewe mbuzi.

Ni ekari tatu na kidogo, kuanzia barabarani kushuka kuelekea bonde la Luiche. Juu pana michikichi ambayo baba aliipanda kabla sijazaliwa, katikati mihogo na maharage, chini kwenye unyevu migomba na magimbi. Makaburi mawili yako chini ya michikichi ya mwanzo, yamezungushiwa mawe ambayo mimi na wadogo zangu tuliyabeba vichwani kutoka mtoni.

Nilipokuwa mtoto mashamba ya kwetu hayakuwa na vibao. Shamba liliitwa kwa jina la anayelilima. Ukisema "kwa fulani," watu wote wanajua mpaka uko wapi, nani anapakana naye, na nani alipanda mti upi. Hati hakuna aliyekuwa nayo. Hati ilikuwa midomo ya watu. Ndiyo maana jina likianza kubadilika midomoni, ujue shamba nalo limeanza kuondoka.

Baba alikufa kwa tumbo, siku mbili tu. Mama akamfuata kabla mihogo waliyoipanda pamoja haijakomaa. Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu alikuja nyumbani mara moja, akasema nina akili nyingi na ni hasara kwa taifa kuniacha niende shamba, kisha akaondoka na mkungu wa ndizi na hakurudi. Nyuma yangu walikuwa watatu: mdogo wangu wa kiume, miaka kumi na moja, wa kike, minane, na kitinda mimba, ambaye bado alilala na pembe ya kanga ya mama mdomoni.

Siku ya arobaini ya mama, baba mdogo alikuja kutoka Ujiji. Ni mdogo wake baba, tumbo moja. Alikula pilau, akafuta mikono, akasimama uani akimtazama ng'ombe wetu.

"Huyu nampeleka kwangu nikamtunze," akasema. "Nyinyi watoto hamtamweza. Maziwa nitawaletea."

Ng'ombe yule aliitwa Bihogo, kwa rangi yake nyekundu ya udongo uliolowa. Kwetu ng'ombe hupewa jina la rangi au la sifa, kwa heshima. Maziwa hayakuletwa. Nilikuja kusikia kwamba Bihogo aliishia buchani, wiki ileile mitumbwi kutoka Kongo ilipokuwa inashusha watu ufukweni Kibirizi siku nzima na nyama mjini inakwisha kabla ya saa nne asubuhi. Watu walikuwa wamekimbia vita na vifurushi kichwani, na baba yangu mdogo akaona hapo pana soko.

Tulibaki na mbwa na kuku watatu, na hao hawakuwa na majina ya heshima. Mama alikuwa na desturi ambayo wanawake wengi wa kwetu walikuwa nayo. Mwanamke mwenye neno na jirani yake hendi kupiga kelele mlangoni kwa watu. Anampa neno lake mbwa, au kuku, au mbuzi, halafu jioni anamwita kwa sauti. Mbwa wetu aliitwa Yatakwisha. Kuku mmoja aliitwa Semeni. Jirani yetu mmoja, baada ya kulisikia jina hilo mwezi mzima, alileta paka akamwita Nimesikia. Waliendelea hivyo miaka miwili, mama na yule jirani, bila kukoseana salamu hata siku moja. Alipokufa mama, yule mwanamke ndiye aliyelia kuliko wote.

Miezi michache baada ya arobaini nilikuwa kwenye mashine ya kusaga, nimeshika foleni. Mwanamke mmoja akaniuliza, "We ndiye binti unayelima kule kwa..." na akataja jina la baba mdogo. Hakuwa na ubaya. Alisema alichokisikia. Nikamwambia, "Hapana, kwa baba yangu." Akashangaa: "Ah! Si ameshakufa?"

Nilijua jina lile linatoka wapi. Ng'ambo ya ua wetu wa minyaa palikuwa na mzee aliyekuwa akicheza bao na baba mdogo kila alipokuja. Hakuwa mzee wa kupewa heshima kwa jambo lolote zaidi ya mvi. Kila apitaye barabarani aliambiwa na mzee yule kwamba shamba lile, la michikichi, ni la rafiki yake wa Ujiji, wale watoto wamehifadhiwa tu.

Jioni hiyo, tukimenya mihogo, nikawaambia wadogo zangu tutafute jina la kulitaja shamba kabla hatujatafutiwa.

"Ngome ya Chuma," akasema wa kiume.

"Ngome ya chuma ina mihogo?" akauliza wa kike. "Kwa Mama. Tuseme tu Kwa Mama."

"Maandazi," akasema kitinda mimba.

Mimi nilitaka jina la baba, lakini nilikwisha jibiwa mashineni. Tukachagua Kwa Mama. Tulilisema sisi wanne miezi mitatu: naenda Kwa Mama, natoka Kwa Mama. Hakuna mtu mwingine aliyelisema. Niliona aibu kwa ajili yetu, kama mtu aliyeshona nguo ya sikukuu na hakuna sikukuu.

Kisha baba mdogo akaja na karatasi.

Wakati huo alikuwa amepata kazi ya kulinda geti la ghala la shirika moja mjini, lililokuwa likipeleka chakula kwenye kambi ya wakimbizi. Kulinda geti ni kazi, na kuna watu wameilea familia kwa geti. Lakini yeye alitembea Ujiji nzima na kizibao cha kazi hata siku ya mapumziko, na redio ya mkononi ambayo hakuruhusiwa kutoka nayo. Kiswahili chake pia kilikuwa kimebadilika. Kilikuwa kimeanza kunukia ofisi.

"Shikamoo baba mdogo," tukamwamkia.

"Marahaba. Hamjambo, walengwa wangu?"

Akakaa kwenye kigoda cha mama bila kuulizwa. Akaeleza. Vijiji vilikuwa vinanung'unika kwamba wakimbizi wanapewa kila kitu, unga wa njano, mafuta, maturubai, na wenyeji wanabaki kutazama malori yakipita. Kwa hiyo shirika litagawa mbuzi wa maziwa kwa wenyeji. Masharti ni mawili: wapewe yatima wenye shamba lao wenyewe, na wawe na mlezi mtu mzima.

"Mlezi ndiye mimi," akasema. "Andika wewe. Mwandiko wangu ni wa haraka mno, watu hawausomi."

Mwandiko wake haukuwapo kabisa. Alijua kutia sahihi tu. Nikaichukua kalamu.

"Jina la shamba," nikasoma. "Niandike Kwa Mama?"

Akacheka mpaka redio ikamtoka kiunoni. "Nani atampa mbuzi mama aliyekufa? Andika Shamba la Yatima."

"Silipendi."

"Kupenda kwako kunakamuliwa? Wageni wakisoma hapo 'yatima,' mkono wenyewe unakwenda mfukoni. Andika."

Nikaandika. Mstari uliofuata uliuliza mwenye shamba ni nani. Nikainua kichwa.

"Andika majina yenu wanne," akasema. "Weka na hili: waliachiwa na marehemu baba yao. Linaingia moyoni."

"Kwa hiyo mwenye shamba ni sisi?"

"Ni nyinyi, ni nyinyi! Andika basi, gari la kurudi litaniacha."

Nikaandika polepole, kwa mwandiko wangu mzuri wa darasa la sita. Sitasema nilikuwa mjanja. Sikuona mbali zaidi ya karatasi. Nilichokiona ni mtu mzima aliyemla Bihogo anakubali, mbele ya wadogo zangu, kwamba ardhi ni yetu, na anakubali kwa uvivu, kama mtu anayetema ganda. Akatia sahihi yake yenye mikia mitatu.

Wiki iliyofuata alileta kibao. Kilikuwa cha makopo ya mafuta ya kambini, yaliyokatwa na kunyooshwa kwa nyundo, yakaunganishwa kwa misumari juu ya fremu ya mbao. Alikuwa amempa kazi Mkongo mmoja wa Kibirizi aliyekuwa akipaka rangi mitumbwi, fundi kwelikweli. Herufi zilisimama kama askari. Lakini chini ya herufi, kwa maagizo ya baba mdogo, palichorwa watoto wanne wanaolia. Machozi yalikuwa makubwa kama mbegu za chikichi.

"Mimi ni yupi?" akauliza mdogo wangu wa kiume.

"Yule wa kichwa kikubwa," akajibu wa kike.

"Wewe basi ni yule anayetoka makamasi."

Walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelia mara mbili tu mwaka ule, na mara zote shambani nikiwa nimewageuzia mgongo, na sasa nililia barabarani kwa rangi ya mafuta, asubuhi mpaka jioni, kila basi likipita.

Siku ya kugawa mbuzi kijiji kizima kilikuja. Gari jeupe la wageni likasimama mbele ya kibao, na wageni wakakipiga picha kabla hawajatusalimu. Mwenyekiti wa kijiji alikaa kwenye benchi, pamoja na mtendaji na karatasi zake. Mbele kabisa, chini, alikaa bibi mmoja muuza mawese, aliyewahi kumbeba baba yangu mgongoni. Baba mdogo akasimama kuhutubia.

"Mimi hapa sina changu!" akasema, mkono kifuani. "Shamba hili ni la watoto hawa. Kaka yangu aliwaachia. Mimi ni mchungaji tu, kazi yangu kuwakinga mvua."

Wageni wakatafsiriwa, wakatikisa vichwa kwa huruma. Bibi akaweka mkono sikioni.

"Rudia, mwanangu. Uzee huu. La nani?"

"La watoto hawa, bibi!" akapaza sauti. "Hawa wanne!"

"Haya. Sasa nimesikia. Na mwenyekiti amesikia?"

"Nimesikia," akasema mwenyekiti.

"Na nyie huko nyuma?"

Watu wakaitikia kwa mwitikio mmoja. Baba mdogo alidhani anapigiwa vigelegele. Akainama mara mbili.

Tukapewa mbuzi watatu, beberu na majike mawili, weupe, wana hereni za namba masikioni. Baba mdogo akawapa majina palepale ili wageni waandike: Neema, Shukrani na Hisani. Mbuzi wakaitwa kama kwaya. Gari lilipoondoka akaniambia atakuwa akija na dumu kila Ijumaa kuchukua maziwa yake, akaenda kucheza bao ng'ambo ya ua.

Siku zile alikuwa akija kwetu mama mmoja Mrundi, kufanya kibarua cha kuchimba mihogo ili apate chakula cha kuongezea kile cha kambini. Mikono yake ilijua mifugo kuliko mtu yeyote wa Simbo. Ndiye aliyenifundisha kukamua mbuzi, na kumshika beberu kwa nyuma badala ya pembe. Yeye ndiye mtu mzima pekee wa miaka ile ambaye simkumbuki kwa dharau. Nilimwambia sitaki majina ya kwaya, nataka kuwapa mengine.

"Usiwape," akasema, bila kuacha kukamua. "Nyumbani nilikuwa na ng'ombe sita, wote wana majina. Siku ya kukimbia nilisimama zizini nawaita mmojammoja, mume wangu ananivuta mkono. Mnyama mwenye jina anakuchelewesha njiani, mwanangu."

Nikamfukuzia mbuzi nzi. Kisha nikamwambia, "Sisi hatuna njia ya kwenda, mama. Sisi ni hapahapa."

Akanitazama. "Ego," akasema kwa Kirundi, ndiyo. "Basi wape majina ya watu wa kubaki."

Nikawapa, kwa desturi ya mama. Jike kubwa nikamwita Tupo. Jike dogo lenye doa puani, Hatuhami. Beberu nikamwita Mtazoea. Kila jioni nilisimama karibu na ua wa minyaa na nikawaita kwa mpango huo, sauti ya kutoka tumboni: Tupo! Hatuhami! Mtazoea! Sitadanganya kwamba mbuzi walikuja kwa sababu ya majina. Walikuja kwa sababu ya maganda ya ndizi. Majina hayakuwa yao.

Siku ya nne yule mzee wa bao akachungulia juu ya ua.

"We binti, mbuzi gani huyo anaitwa Hatuhami?"

"Shikamoo mzee. Yule mwenye doa."

"Wageni si walimwita Shukrani?"

"Ndiyo. La wageni ni hilo."

Akashusha kichwa. Kesho yake nikaita kwa sauti zaidi, na kitinda mimba akawa ananiitikia kutoka michikichini, kila jina mara mbili. Barabarani wanawake waliokuwa wakitoka kuuza mawese walisimama kusikiliza, wakaondoka wakicheka na kuimba majina ya mbuzi wetu. Lakini katika mazungumzo yao shamba bado lilikuwa la baba mdogo. Sikio la watu hupenda kichekesho. Ulimi una mazoea yake.

Mwaka uliofuata bei ya viwanja vya barabarani ilipanda kama homa. Mashirika yalitaka maghala na nyumba za kupanga, na kila mwenye ndugu marehemu akaanza kumkumbuka. Asubuhi moja nilikuta baba mdogo amesimama katikati ya maharage yetu pamoja na mfanyabiashara wa mjini na kamba ndefu yenye mafundo. Walikuwa wamekanyaga mistari miwili.

"Shikamooni. Mnafanya nini?"

"Tunapima," akasema baba mdogo.

"Mnapima nini?"

"Mtoto haulizi wakubwa. Mtahamia Ujiji, chumba cha uani kipo. Wewe una umri wa kuolewa, hawa watasaidia kazi."

"Na makaburi?"

Yule mfanyabiashara akageuka haraka: "Kuna makaburi?"

"Ya zamani," akasema baba mdogo.

Yalikuwa na miaka miwili. Nilitazama ile kamba imepita juu ya jiwe la mama, na nikaona kwamba huyu mtu hana hata ukubwa wa kuchukiwa. Nikamwambia nakwenda kwa mwenyekiti.

"Nenda," akasema. "Na mimi nitakuwepo. Tuwaulize watu shamba hili linaitwa kwa nani."

Alikuwa na uhakika, na alikuwa na haki ya kuwa nao. Ile ndiyo ilikuwa hati ya kwetu, na alikuwa ameiandika mwenyewe, mdomo kwa mdomo, miaka miwili.

Baraza lilikaa siku ya tatu, asubuhi, nje ya ofisi ya kijiji. Nilivaa kanga ya mama. Baba mdogo alivaa kizibao chake. Alisema ardhi ni ya babu yetu, na yeye ndiye mtoto wake wa kiume aliyebaki. Kaka yake alikuwa akilima tu. Akamwita yule mzee wa bao. Mzee akasema kweli, miaka yote anasikia linaitwa kwa jina la huyu bwana. Akaita mwingine, na mwingine. Hata yule mwanamke wa mashineni alisimama akasema alivyosikia, macho yake chini. Mwenyekiti akaniuliza nina nini. Nikasema nina makaburi mawili na wadogo watatu. Watu wakaguna kwa huruma, na nikajua huruma haitapanda maharage.

Ndipo bibi wa mawese akainuka, polepole, akishikilia goti.

"Mimi sijui kesi," akasema. "Nataka kumuuliza mwanangu huyu. Siku ya mbuzi, mbele ya wageni, nilikuuliza shamba la nani. Ulinijibu nini?"

Baba mdogo akatabasamu. Nadhani mpaka pale hakuona shimo.

"Ah, bibi. Ile ilikuwa ya wageni."

Bibi akaketi tena.

"Ya wageni?" akauliza mwenyekiti.

"Ndiyo. Mradi ule ulitaka yatima wenye shamba. Ningesemaje?"

"Kwa hiyo mimi niliyekaa kwenye benchi siku ile nilikuwa mgeni? Na hawa wote walioitikia ni wageni?"

Mtu wa nyuma akapiga kofi la paja. Kicheko kikaanza. Mtendaji alikuwa ameingia ofisini kutafuta faili; akatoka na nakala ya fomu, akaisoma neno kwa neno, mwandiko wangu na sahihi yenye mikia mitatu. Alipofika "waliachiwa na marehemu baba yao" hakuna aliyecheka.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye sikumtuma, alikuwa amekwenda mbio nyumbani akakibandua kibao. Akaingia nacho barazani kichwani, jasho linamtiririka, akakitupa miguuni pa mwenyekiti. Kikaanguka kifudifudi. Upande wa nyuma makopo yalikuwa bado na maandishi yake ya kiwandani, na mtendaji, aliyejivunia Kizungu chake, akainama akatafsiri kwa sauti: "Si ya kuuzwa wala kubadilishana." Hapo baraza zima likavunjika mbavu, mpaka mwenyekiti akalazimika kuwageuzia mgongo kidogo.

Mfanyabiashara akaanza kuikunja kamba yake. "Mimi nanunua kiwanja," akasema, "sinunui kesi."

Mwenyekiti akasema neno alilolisema mtu mbele ya kijiji, akapewa mbuzi kwa neno hilo, hawezi kulitapika baada ya kunywa maziwa. Shamba ni la yatima wanne, kama lilivyoandikwa, kwa jina lililoandikwa. Kuanzia siku ile, mtu akitaka kuliita, aliite hivyo. Watu wakaitikia kwa pamoja, kama siku ya mbuzi.

Baba mdogo alinipita nikiwa nimesimama pale. "Umeniaibisha, mwanangu."

"Niliandika ulichosema, baba mdogo."

Hakuja tena Ijumaa na dumu. Mjini alijulikana kwa lile neno mpaka uzeeni, na hadi leo mtu akitoa ahadi ambayo hana nia ya kuitimiza, watu wa Simbo huuliza, "Hii nayo ni ya wageni?"

Tulirudi nyumbani na kibao, wawili mbele, wawili nyuma. Nikakiegemeza kwenye mchikichi. Kitinda mimba akaniuliza, "Sasa tuandike Kwa Mama?"

Nilitaka. Mungu anajua nilitaka. Lakini jina tulilolipenda lilijulikana na watu wanne tu, na hili la kuombea mbuzi lilikuwa limeitikiwa na kijiji kizima mara mbili. Nikamwambia hapana. Wadogo zangu walipokuwa watu wazima waliniuliza tena, mmoja baada ya mwingine, wana majina mazuri ya kisasa vichwani, nikawajibu vilevile. Watakapokuwa na mashamba yao watayaita wapendavyo.

Siku ile nilikirudisha kibao barabarani kwa mikono yangu, nikaongeza misumari minne. Watu waliokuwa wakitoka barazani walisimama kunitazama, na mzee wa bao alikuwa akichungulia juu ya ua. Nilipomaliza kupigilia nilichukua kisu cha kumenyea mihogo. Jina nililiacha. Machozi niliyakwangua yote, tone kwa tone, nyuso zote nne, mpaka bati likang'aa.